Baiskeli, Bunduki na Geti: Mbona Wawindaji wa Marekani Wanazozana?

Wacha nikuulize, msee. Hapa Kenya ukipatikana na baiskeli, bunduki na swara amefungwa kwa keria, si unajua hiyo ni jela moja kwa moja? Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku 1977, na KWS hawachezi.

Sasa enda Montana, Idaho ama Colorado. Huko ukiwa na leseni, unaingia msitu wa serikali kusaka elk, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake linaweza kupita kilo 300. Na siku hizi wasee kibao wanafika huko na baiskeli za milimani.

Mbona baiskeli? Barabara nyingi za misitu zimefungwa kwa geti ndio magari na pikipiki zisipite. Kutembea kilomita 10 gizani kabla jua lichomoze si mchezo. Baiskeli haina kelele, haina harufu ya petroli, na ukibahatika unavuta nyama kwa trela.

Noma ilianza baiskeli zilipopata mota. Agosti 2019, Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule ndiyo husimamia sehemu kubwa ya ardhi ya umma, iliagiza baiskeli za umeme zenye mota isiyozidi wati 750 zichukuliwe kama baiskeli za kawaida. Lakini misitu ya kitaifa iko chini ya Wizara ya Kilimo, na hao wanasema mota ni mota. Yaani ndiga ni moja, lakini ukivuka mpaka wa msitu unaweza kuwa umevunja sheria. Na kwa maeneo ya nyika yanayolindwa na sheria ya 1964, hata baiskeli ya kukanyaga hairuhusiwi.

Kila upande uko na point. Mzee wa magoti mabovu, ama hustler asiye na doh ya kufuga farasi, anasema msitu ni wa wote. Wa kutembea naye anajibu: kama kila mtu atafika kwa dakika 20, huko ndani kutabaki nini? Utafiti uliofanywa Starkey, Oregon, ulionyesha elk wanahepa njia zikiwa na watu, na baiskeli zinawasukuma mbali kuliko watembeaji.

Ukiniuliza, lile geti halikuwa linazuia magari peke yake. Lilikuwa linalinda umbali, na umbali ndio ulikuwa unampa mnyama nafasi.

Usidhani ni story ya wazungu tu. Hell's Gate unaendesha baiskeli ukipita pundamilia, na Karura pia iko na njia za baiskeli. Umeme nao ushaingia kwa bodaboda. Siku mota ikibisha geti la msitu wetu, wewe utasema aje: ifunguliwe ama ifungwe?