Mpenzi, Usiwashe!

Mwezi huu sina habari ya wivu, wala ya mahari, wala ya mume anayelala na simu chini ya mto. Nina habari ya maji na tope kwenye injini. Usifunue ukurasa kwanza! Najua wengi wenu sasa hivi ndiyo mmenunua gari la kwanza la kueleweka: Escudo, Prado ya mkopo, dabo kabini iliyotumika. Wikiendi ikiwa ndefu mnalielekeza Pangani, Ushongo, Amani au Lushoto, muziki juu, mwenzio pembeni. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mchezo huo ulinila paa la nyumba.

Ilikuwa Mei 2018, tunatimiza miaka 3 ya ndoa. Gari letu lilikuwa Hilux dabo kabini, dizeli ya lita 2.8, tumeinunua mkononi mwa mtu. Mume wangu alikuwa ameipeleka gereji moja ikafungwa lile bomba jeusi linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, snokeli. Sikufichi, hata mimi nililizimikia. Kwenye picha lilikuwa linatoka bomba kwelikweli. Na tangu lifungwe, mzee mzima akawa anaamini gari letu ni manowari.

Tukakaa Ushongo siku mbili, samaki wa kupaka, madafu, raha tupu. Jumapili asubuhi tukanuniana. Sababu yenyewe ya kijinga: aliniambia mimi naendesha gari nikiwa nimekaa kiti cha abiria. Eti kila dakika "polepole", "shimo hilo", "badili gia". Nikamjibu sawa bwana, leo husikii neno langu hata moja. Nikavaa miwani ya jua, na mvua ile!

Badala ya kurudi Bweni tukapande pantoni ya Pangani, akaamua tushuke na pwani kupitia Mkwaja na Saadani, tutokee Bagamoyo. Siku hizi lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, lakini wakati ule njia ilikuwa ya Mungu tu. Kuna udongo mweusi kule ambao ukilowa unaganda kwenye tairi kama ugali, mpaka tairi inakuwa mpira mmoja mkubwa usio na meno. Tulikuwa tumeshateleza vya kutosha tulipofika kwenye korongo moja lililojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda mbio.

Ng'ambo alisimama mzee na baiskeli ya nazi. Akainua mkono. Niliuona ule mkono vizuri, na nilijua maana yake ni ngojeni. Mume wangu akasema, "Anatusalimia." Mimi kimya. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza makusudi, nikitaka akwame kidogo ajifunze.

Akaingia kwa gia ya pili na moto mwingi. Wimbi likapanda juu ya boneti. Katikati ya korongo injini ikapiga chafya, ikazima. Akageuza ufunguo. Ikalia kidogo, ikagoma. Mzee wa ng'ambo akapiga kelele, "Usiwashe! Wee kijana, usiwashe!" Akageuza tena. Mara ya tatu tukasikia mlio kama mchi unaovunjika kinuni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pesa zetu zilipozama. Injini inavuta hewa, inaibana, inachoma. Hewa inabanika. Maji hayabaniki hata uyabembeleze. Chukua dizeli ya lita 2.8 yenye silinda 4: kila silinda inameza hewa mililita 700 hivi, na pistoni ikipanda juu inaibana kama mara 20. Nafasi inayobaki pale juu ni mililita 37 tu. Vijiko viwili na nusu vya chakula! Maji yakizidi hapo, pistoni inagonga ukuta, na kinachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Gari la petroli linabana kidogo kuliko dizeli, kwa hiyo lina nafasi kidogo zaidi, lakini usijipe moyo.

Mara nyingi injini iliyozima majini bado ni nzima. Imekabwa tu. Inayoiua ni ile stata unayopiga kwa hasira na aibu huku mke anakuangalia.

Tulivutwa na trekta, halafu tukapakiwa nyuma ya lori hadi Tanga mjini. Waswahili wa pale wanasema Tanga waja leo, kuondoka majaaliwa. Sisi majaaliwa yetu yalichukua siku 19. Fundi tuliyempata Ngamiani alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Baada ya shikamoo na marahaba, hakwenda kwenye injini. Alikwenda kwenye ile snokeli yetu ya fahari. Akafungua boneti, akaifuata kwa kidole mpaka chini, akacheka kwa upole. Ilikuwa imeunganishwa na boksi la chujio la hewa kwa utepe mweusi wa umeme. Na lile boksi lenyewe lilikuwa bado na kitobo chake chini, cha kutolea vumbi na matone, wazi kabisa. Kwa maneno mengine, tulikuwa na pua ndefu ya mapambo huku tukivuta maji kwa chini.

"Mwanangu," akaniambia, "hii umefungiwa hereni."

Kwa hiyo kama lenu linayo, usiulize bei yake, uliza viungo vyake. Kila kiungo kuanzia juu mpaka injini kiwe na mpira mzima na klipu ya kukaza, kipakwe silikoni, na kile kitobo cha boksi kizibwe au kiwe na valvu inayojifunga. Kuna kipimo rahisi alichotuonyesha: gari likiwa sailensa, ziba mdomo wa juu wa bomba kwa kiganja. Injini ikikabwa na kutaka kuzima, bomba ni zima. Ikiendelea kunguruma kama hakuna kitu, kuna mahali inapumulia, na maji yatapajua.

Mzee yule ni mpenzi wa Safari Rali, na siku zile 19 nikawa mwanafunzi wake. Mashindano yale yalianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, yaani masika yenyewe. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena! Mingine ilikuwa miaka ya vumbi, ile miwili ilikuwa ya tope. Hata Toyota Celica zilizotamba miaka ya 1990 zilipandishiwa bomba la hewa pembeni ya kioo, na zile hazikuwa hereni.

Lakini kilichonikaa mimi ni kingine. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, na miaka yote miwili aliyekaa pembeni yake alikuwa mtu yule yule, Paddy Cliff. Kazi ya anayekaa kiti kile kwenye rali ni kusema. Kuna kona, kuna mto, punguza. Dereva hanuni, maana macho yake mawili hayatoshi. Nilipomsimulia mume wangu jioni hotelini, alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Na wewe ungesema." Nikamwambia, "Na wewe ungesikia." Tukalala.

Haya, turudi majini. Gari lolote lina kina chake, na kiwanda kinakiandika kwenye kitabu. Land Rover Defender za zamani ni sentimita 50, Hilux za miaka ya karibuni ni 70. Vigari vyetu vya mjini ni chini ya hapo, na kwa hivyo mimi naishia nusu ya tairi. Hiyo ni kwa maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kukusukuma pembeni hata uwe na bomba refu kama mnara. Shuka, chukua fimbo, pima mwenyewe kwanza, isipokuwa kwenye mito yenye mamba kama Pangani au Wami, hapo usishuke, geuza. Mara nyingi kingine cha kufanya ni kukaa tu. Korongo la mvua hupanda haraka na kushuka haraka. Kula chungwa la Muheza, ngoja masaa machache.

Ukiamua kuvuka, zima easii, weka gia nzito ya fo wili na namba moja, uende mwendo wa mtu anayetembea. Wimbi dogo linatangulia mbele ya bampa na nyuma yake maji yanashuka kidogo, ndiyo nafasi ya injini kupumua. Ukienda kwa mbwembwe wimbi linakurudia. Wazoefu hufunika uso wa gari kwa turubai ili maji yasipite kwenye rejeta, kwa sababu feni ikizunguka ndani ya maji inayarusha kila mahali, na mapanga yake yanaweza kujikunja yakaikata rejeta yenyewe. Usibadili gia katikati.

Likizima, mnajua tayari. Ufunguo utoke, apewe asiye dereva! Likishavutwa nje, fungua chujio la hewa. Likiwa kavu kabisa, una bahati. Likiwa limelowa, fundi atoe nozeli, au plagi kama ni petroli, ndipo stata ipigwe ili maji yaruke nje kupitia matundu. Kisha oili ibadilishwe kabla ya safari yoyote.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawaufikirii. Difu na giaboksi zikiwa za moto zikaingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na zinanyonya maji kupitia vipira vyake vya kupumulia. Pandisha vipira hivyo hadi usawa wa boneti, ni kazi ya mipira michache na klipu. Ukirudi nyumbani angalia oili ya difu: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Tope nalo, lile jekundu la kupanda Amani, linakaukia kwenye rejeta kama tofali, injini inachemka wiki moja baadaye na wewe unalaumu pampu. Lioshe kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kuja nje. Na mnaopenda kukimbiza gari kwenye mchanga maji ya bahari yakipwa, mimi sina la kuwaambia zaidi ya bomba la maji baridi siku hiyo hiyo, chini kote, maana chumvi haisubiri Jumatatu.

Gharama yetu ilikuwa milioni 4 na ushei, na ndizo zilizokuwa za bati na mbao za kuezekea. Tukapanga nyumba mwaka mwingine mzima, na wifi yangu mpaka leo anaulizia.

Masika iliyopita tulikuwa njia ile ile, mimi ndiye niliyeshika usukani. Kwenye maji ya kwanza mume wangu akashuka bila kuambiwa, akakunja suruali, akaingia na fimbo. Hatua nne, maji mapajani. Akarudi akitikisa kichwa, akapanda na tope lake kwenye kiti changu kisafi, akasema, "Geuza mama." Tukageuza, tukawahi pantoni ya mwisho, tukalala Pangani. Ile konrodi iliyopinda ipo sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Wageni wanadhani ni kinyago.