Nauli hupanda na mafuta, mbona haishuki nayo?
Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei ya mafuta. Ikipanda tu, kesho yake makanga wa Mtwapa na wa Likoni ashaongeza shilingi kumi. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita hapa Mombasa. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa chini ya 180. Je, nauli yako ilirudi ilipokuwa?

Wengi hudhani iko afisi inayopanga nauli. Haipo. EPRA yashughulika na mafuta, NTSA hutoa leseni, na nauli huamuliwa na wenye matatu wenyewe. Mvua ikinyesha jioni, mwamuzi ni makanga pale mlangoni, na abiria hana pa kushtaki. Jirani zetu wa Tanga wana LATRA, inayoweka kikomo cha nauli za daladala.

Wenye magari nao wana lao: vipuri, faini, na zile za barabarani zisizo na risiti. Basi waziweke hesabu hizo wazi. Na kaunti, inayowatoza ada za steji, ingeanza kwa kudai kila gari libandike nauli zake mlangoni: ya kawaida, na hiyo ya mvua.