Pawasoo Yetu Isiuzwe Skrapu

Baba ataka kuiuza pawasoo yetu kwa mnunuzi wa skrapu. Mimi napinga! Kilichokwisha ni mnyororo na ubapa wake tu. Injini ingali nzima. Kabureta yake haina boya kama ya pikipiki. Ina utando, kwa hivyo hunguruma hata ikipinduliwa. Je, si hiyo ndiyo ifaayo ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio? Klachi nimeshaitoa. Gurudumu la sumaku nimeliacha, maana bila hilo hakuna cheche. Mzee asema ati mtoto wa kidato cha tatu asome vitabu. Lakini pistoni tunayoichora daftarini, niliishika wapi kama si hapa? Naomba muhula mmoja tu. Propela nitaifunga fundi akiwapo, kwani hukata vidole.