Mgogoro ni nini, na huzaliwa wapi?

Ndugu Waislamu, neno "mgogoro" limekuwa jepesi vinywani mwetu. Bei ya unga ikipanda, husemwa ni mgogoro. Mvua ikichelewa, mgogoro. Mume na mke wakinuniana, mgogoro. Yatupasa tulipime neno hili, kwani asiyeujua ugonjwa hawezi kuijua dawa yake.

Shida ni upungufu wa chakula, maji au fedha. Msiba ni jambo linalowashukia watu, kama mafuriko au maradhi. Yote mawili huweza kuwakurubisha watu wakasaidiana. Mgogoro ni hali nyingine: watu wamehitilafiana, na wala hawaiamini tena mizani iliyokuwa ikiwaamua. Huweza kuwa wa kisiasa, wa ardhi, wa kiuchumi au wa kifamilia, lakini mzizi wake ni huo mmoja.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30. Upande uliolalamika ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuwa na imani na mahakama. Tume haikuaminika, mahakama haikuaminika, ikabaki barabara. Ilipofika mwisho wa Februari 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wameyahama makazi yao.

Tuzingatie jinsi sura za mgogoro zilivyozaana. Ule wa kura uliamsha ule wa ardhi katika Bonde la Ufa, ambako damu ilikwishamwagika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukaingia katika uchumi: reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika hadi Uganda na Rwanda. Kisha ukabisha hodi majumbani, kwa wanandoa wa makabila mawili. Kwa hakika, siku ile ya kutangazwa matokeo haikuuzaa mgogoro, bali iliufichua.

Suluhu ilipatikanaje? Kofi Annan, akiwa pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, alikaa na wajumbe wa pande zote mbili, na mapatano yakatiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Njia hii si ngeni kwetu. Sura ya An-Nisaa imetuelekeza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Mizani iliyovunjika haitengenezwi na upande mmoja.

Wakenya hawakuishia kwenye mapatano. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ikafuta matokeo ya urais. Watu waliuawa mwaka huo pia, lakini maafa hayakufikia yale ya mwanzo, kwani safari hii palikuwa na mlango wa kubisha.

Sasa tuzirejee nyumba zetu. Mirathi ya baba imekaa miaka kumi haijagawanywa, na kaka mkubwa ndiye mlalamikiwa, ndiye shahidi, ndiye hakimu. Dada zake wamenyamaza, nasi twadhani kuna amani. La! Huo ni mgogoro uliokwishazaliwa, unangoja siku ya kufichuka, na siku hiyo watoto wa ndugu hawatasalimiana.

Basi kila familia ijiulize leo, kabla ya hitilafu kuja: ni nani miongoni mwetu ambaye pande zote zitaridhia hukumu yake? Ikiwa hayupo, mgogoro umo ndani, hata kama sauti hazijapazwa. Tumtafute mapema, na mirathi igawanywe ingali mioyo imetulia.

Wallahu aalam.