Saruji si dawa ya nyumba kongwe

Kelmscott Manor, karibu na mto Thames katika mkoa wa Oxfordshire, Uingereza, ina jina la kibwanyenye lakini ilianza kama nyumba ya wakulima. Ukoo wa Turner uliijenga yapata mwaka 1600 kwa mawe ya chokaa ya eneo hilo. Mwaka 1871 ikakodiwa na William Morris, mshairi na bingwa wa kubuni mapambo, pamoja na mchoraji Dante Gabriel Rossetti. Rossetti hakudumu. Morris aliing’ang’ania hadi alipofariki mwaka 1896.

Paa lake ndilo lililomkosha. Limeezekwa kwa vibamba vya mawe: vipana huko chini upenuni, vikipungua ukubwa kadiri vinavyopanda, hadi vile vidogo kabisa karibu na kilele. Wala si urembo mtupu. Maji ya mvua hujikusanya zaidi yanapokaribia upenu, na kibamba kipana kina maungio machache ya kuvujia. Uzito nao huangukia karibu na ukuta unaoweza kuubeba. Tena hakuna jiwe linalotupwa, maana hata kipande kidogo kina mahali pake.

Ukuta una siri nyingine. Nyumba za shamba za aina hii kwa kawaida huwa na kuta nene, mawe yakiwa pande zote mbili na kifusi katikati, vyote vikishikwa kwa chokaa. Unyevu huingia, kisha hutokea taratibu kupitia maungio, kwa kuwa chokaa hupitisha unyevu kwa urahisi, tena ni laini kuliko jiwe. Ikilika, fundi huchokonoa na kujaza upya. Jiwe hubaki salama.

Halafu akaja fundi na mfuko wa saruji. Kazi yake hupendeza siku ya kukabidhi, nyufa zote zimezibwa. Lakini saruji haipitishi unyevu kwa urahisi, hivyo maji hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe. Yakigandia humo wakati wa baridi hutanuka, na uso wa jiwe hubanduka magamba kwa magamba. Kinacholiwa sasa ni jiwe, na hilo halina kiraka.

Mwaka 1877 Morris aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kulinda majengo ya kale, akiwa amekerwa na ukarabati uliokuwa ukiharibu makanisa. Alitaka majengo yatunzwe mara kwa mara badala ya kufanywa mapya. Zanzibar na Lamu, ambako kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hoja hiyo haihitaji mkalimani. Huko hakuna barafu, ila kuna chumvi, na lipu ya saruji huifungia ukutani mpaka jiwe linamomonyoka. Wanaotoa zabuni za ukarabati waandike chokaa kwenye mkataba, na waongeze muda: chokaa hukauka polepole, na mkandarasi anayekimbizwa na tarehe atarudi kwenye saruji.