Herufi Zisizo na Mizani

Kwa zaidi ya miaka 30 niliwafundisha walimu watarajiwa kwamba alama isiyo na kipimo nyuma yake si alama, ni pambo tu. Sikudhani kwamba nitalirudia somo hilo uzeeni, tena uwanjani pa gofu. Lakini ndivyo ilivyo, ndugu msomaji. Katika klabu yetu ndogo, ambamo wengi wetu ni walimu wastaafu, makarani na vijana wabeba mikoba, nimeikuta alama ya aina hiyohiyo imechapwa kwa rangi ya fedha kwenye mpini wa fimbo.

Kwanza niwape haki yao wanaostahili. Mpini wa grafiti ni kazi ya akili. Wachezaji wa zamani walitumia mti wa hikori wa Marekani. Mpini wa chuma cha pua ukaruhusiwa huko Marekani mwaka 1924, na wakubwa wa St Andrews wakaukubali mwaka 1929. Mwaka 1969 Frank Thomas, mhandisi wa kampuni ya Shakespeare, akabuni mpini wa nyuzi za kaboni. Ile ya mwanzo ilikuwa myepesi lakini ilijinyonga mno. Ukipiga kwa nguvu, kichwa cha fimbo kiligeuka na mpira ukaenda uendako. Wahandisi hawakukata tamaa. Siku hizi karatasi nyembamba za nyuzi zilizoloweshwa gundi huviringishwa juu ya ufito wa chuma, tabaka juu ya tabaka, kisha huokwa tanurini na ufito ukachomolewa. Nyuzi zinazofuata urefu huzuia mpini kupinda kupita kiasi. Zilizolazwa mshazari, digrii 45 huku na 45 kule, huzuia kujinyonga. Na zinazozunguka kama pete huzuia kubonyea. Kwa ustadi huo, fimbo kubwa ya kufungulia, ambayo mpini wake wa chuma ulikuwa na gramu 120 hivi, leo huweza kuwa na mpini wa gramu 50 tu. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni juu ya herufi. L, ati ya wanawake. A, ya wazee. R, ya kawaida. S, ngumu. X, ngumu zaidi. Ngumu kiasi gani? Hakuna mamlaka iliyowahi kusema. S ya kiwanda hiki ni R ya kiwanda jirani, na hata ndani ya kiwanda kimoja S ya toleo hili yaweza isiwe S ya toleo lile. (Hiyo L nayo ni kichekesho. Mwalimu mwenzetu wa kike, mtu wa jembe tangu utotoni, huupeleka mpira mbali kuliko wengi wetu; dukani alikabidhiwa L kabla hajagusa fimbo.)

Nilipokuwa mkuu wa chuo, wakufunzi walitofautiana vivyo hivyo katika kusahihisha mazoezi ya kufundisha. Mmoja alikuwa na A ya ukarimu, mwingine A ya ubahili. Hatukusema kila mtu na mkono wake, yakaisha. Tuliwaketisha chumba kimoja, tukawaonyesha somo moja, wakabishana mpaka A ikawa A.

Watetezi wa herufi hujibu kwamba kila mchezaji ana mpigo wake, kwa hiyo kipimo cha pamoja hakina maana. La hasha! Madereva nao hawalingani, wala barabara, lakini tairi lililoandikwa 195/65 R15 litaingia kwenye rimu yake, liwe limetoka Japani au Ufaransa. Hakuna aliyependekeza liandikwe “kubwa kiasi”.

Hujibu tena: nenda ukapimwe kwa mashine. Mwenye fedha ataenda, naam. Atasimama mbele ya rada, ajaribishe mipini kumi, na herufi haitamdhuru kwa sababu haihitaji. Anayeitegemea herufi ni yule asiye na kingine cha kutegemea. Kijana mmoja anayebeba mikoba klabuni kwetu, mwenye mpigo mzuri wa taratibu, kichwa cha fimbo yake ya R kilipasuka. Alidunduliza miezi kadhaa, akanunua nyingine ya mtumba kwa muuzaji mmoja mjini, nayo R. Mpini ule ulikuwa mgumu kama mchi. Mipira yake yote ikawa inakwenda chini na kulia. Muuzaji akamwambia herufi ni ileile, basi kosa ni lake. Naye akaamini, akaanza kuuvunjavunja mpigo wake mwenyewe ili uifuate fimbo. Hilo liliniudhi kuliko zile fedha zake, kwa maana nimewaona wanafunzi wengi wakiharibiwa namna hiyohiyo: mtihani mbovu, kisha mtoto anaambiwa yeye ndiye mbovu.

Tulimchukua hadi kwa seremala. Tukabana mpini wa zamani kwenye jiliwa, tukaning'iniza uzito nchani, tukapima ulivyoshuka. Tukafanya vilevile kwa ule mpya, mahali palepale pa kubana, uzito uleule. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vitatu. R na R!

Wala watawala wa mchezo, R&A na USGA, si wageni wa kupima. Kichwa cha fimbo kisizidi sentimita za ujazo 460. Fimbo isizidi inchi 48, isipokuwa ile ya kusukumia shimoni, na tangu 2022 mashindano yanaweza kuweka kikomo cha 46. Mpini wenyewe sheria inautaka upinde sawasawa kila upande na ujinyonge sawasawa kulia na kushoto. Kwa hiyo wanaujua upindaji. Wamechagua kuuangalia kwa faida ya mashindano, na mnunuzi wamemwachia herufi.

Nataka namba nne kwenye kila mpini: uzito kwa gramu, urefu, milimita unazoshuka chini ya uzito mmoja uliokubaliwa, na digrii unazojinyonga chini ya nguvu moja iliyokubaliwa. Herufi waziache kama wanazipenda. Wakidai gharama, nitawauliza juu ya rangi wanayotumia kuchora miali ya moto na vichwa vya majoka kwenye mpini huohuo.