Pesa Yetu Haiombwi Kibali

Januari 2010 Manchester City walimtaka McDonald Mariga. Pesa ilikuwepo, Parma walikuwa tayari kuuza, na Mariga mwenyewe alikuwa tayari kwenda. Kilichokataa ni karatasi. Sheria za England wakati huo zilisema mchezaji kutoka nje ya Ulaya lazima awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa kwa miaka miwili, na taifa lenyewe liwe ndani ya 70 bora za FIFA. Kenya haikuwa humo. Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu, akaingilia kati kuwaomba Waingereza wafikirie tena, lakini dirisha la usajili halimngojei mwanasiasa, hata akiwa Baba. Dili ikafa. Inter Milan wakamchukua, na kufikia Mei hiyo hiyo Inter walikuwa wamebeba ligi ya Italia, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya.

Soma tena polepole. Msee hakutosha kuchezea City, timu ambayo wakati huo ilikuwa haijashinda ligi tangu 1968, lakini alitosha kukaa katika kikosi cha José Mourinho kilichobeba kila kitu.

Hapa Kenya tunapenda kuisimulia hii kama bahati. Mungu akifunga mlango anafungua dirisha, si ndio? Mariga alikosa City akapata medali. Mimi sitaki kuisimulia hivyo. Ile haikuwa bahati mbaya wala nzuri, ilikuwa sera, na sera hiyo bado iko hai. Imebadilisha nguo tu.

Wacha nieleze nguo mpya, kwa sababu watu wengi wanabishana kuhusu hii mambo bila kujua inavyofanya kazi. Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021 kila mchezaji wa kigeni anahitaji idhini ya chama cha soka cha England, FA, kabla ya kupata kibali cha kazi. Idhini inatolewa kwa pointi, na unatakiwa kufikisha 15. Unahesabiwa mechi ulizochezea taifa, dakika ulizochezea klabu, klabu yako ilimaliza nafasi gani, ilifika wapi katika mashindano ya bara, na ligi yako iko daraja gani. Madaraja ni sita. La kwanza ni zile ligi kubwa za Ulaya ambazo unazijua hata ukiwa usingizini. La sita ni “nyinginezo zote.” Ligi yetu iko kwa nyinginezo zote.

Halafu kuna njia ya mkato. Ukiwa unachezea taifa lililo kati ya 10 bora za FIFA, ukicheza asilimia 30 tu ya mechi zake unapita moja kwa moja, pointi hazihesabiwi. Taifa likiwa kati ya nafasi ya 31 na 50, unahitaji asilimia 70. Kuanzia nafasi ya 51 kwenda chini, hakuna mkato. Kenya imekaa miaka mingi ikizunguka nafasi ya 100. Maana yake, Mbrazili anayekaa benchi mechi saba kati ya kumi anapita, na Mkenya aliyecheza zote kumi anaanza kuokota pointi kama mtu anayetafuta mia imeanguka chini ya kochi.

Najua jibu la watetezi, na nitalipa haki yake. Watasema mfumo wa sasa ni afadhali, kwamba kwa dakika alizokuwa akicheza Italia, Mariga wa leo pengine angepita. Ni kweli. Lakini angalia hiyo inamaanisha nini: Italia lazima ikubariki kwanza. Zamani waliuliza nchi yako ni namba ngapi. Leo wanauliza pia ligi yako ni daraja gani. Kijana wa Gor au Leopards anajibu maswali yote mawili kwa aibu ile ile, na hakuna hata moja kati yake linalomhusu yeye. Hakuna mahali kwenye ile fomu panapouliza kama jamaa anajua kucheza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo swali la “umetoka wapi” nalijua vizuri. Ukituma kazi nzuri bila cheti, watu husoma cheti kwanza, na cheti kisipokuwepo kazi haisomwi. Nina marafiki waliokesha kwenye bedsitter za Roysambu wakiandikia wanafunzi wa Uingereza insha za chuo. Kazi yao iliingia huko bila viza na bila jina, ikapewa alama nzuri. Ubongo wa Roysambu unatosha mradi usionekane. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Turudi kwa mpira. Kama ligi yako ni ya daraja la sita, unahitaji daraja. Namaanisha la kuvukia mto. Kila mwana Afrika Mashariki aliyefika England kutoka ligi zetu alivukia mahali. Victor Wanyama, ndugu mdogo wa Mariga, alipitia Helsingborg ya Sweden, Beerschot ya Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland, ndiyo Southampton wakamnunua 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mbwana Samatta alikuwa ameshinda Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Bora Afrika nzima! Bado akahitaji miaka minne Genk, kiatu cha mchezaji bora mwenye asili ya Afrika Ubelgiji, na bao la kichwa pale Anfield ndani ya Ligi ya Mabingwa, ndipo Aston Villa wakamchukua Januari 2020. Alipofika alikuwa na miaka 27. Kwa straika, hiyo ni saa kumi jioni.

Na daraja si la bure, lina mwenyewe. Angalia Brighton. Mwaka 2021 walimnunua Kaoru Mitoma kutoka Kawasaki Frontale. Hakuwa na pointi za kutosha kupata kibali. Je, walimrudisha Japani? Wapi. Walimpeleka Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji, klabu ambayo Tony Bloom, mwenye Brighton, alikuwa amewekeza ndani yake. Akacheza msimu mmoja, dakika zikahesabiwa, akarudi Brighton akiwa amekamilika kikaratasi. Sina ubaya na Mitoma, jamaa anachezea winga kama ana kamba miguuni. Ninachosema ni kwamba sheria haikumzuia tajiri. Ilimwambia tu anunue klabu ya pili. Chelsea na Strasbourg nao wako chini ya wamiliki wale wale tangu 2023. Kwa hivyo mtu akikuambia kibali kipo kulinda vijana wa Kiingereza, muulize ni kijana gani wa Kiingereza aliyelindwa na ile safari ya Ubelgiji.

Aliyelipia ile safari ni klabu ndogo iliyo mwanzo wa mnyororo. Klabu ya Kenya haiwezi kuuza moja kwa moja kwenye soko lenye pesa, kwa hivyo inauza kwa mwenye daraja, mapema na kwa bei ya kutupa, halafu faida kubwa inafanyika upande wa pili wa mto. FIFA ina utaratibu wa kugawa asilimia 5 ya ada za uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Nzuri. Asilimia 5 ya kitu ulichonyimwa nafasi ya kukiuza kwa bei yake.

Kulinda wenyeji kwenyewe sina shida nako. Nchi ina haki, na sisi pia tunawatoza wageni vibali hapa, tena kwa bidii. Lakini England tayari ina kanuni ya kulinda: katika kikosi cha wachezaji 25 wa Ligi Kuu, wasiozidi 17 ndio wanaruhusiwa kuwa hawakulelewa katika klabu za huko. Kanuni hiyo haijali ulizaliwa Ostend au Oyugis. Inajali ulikuzwa wapi, na inambana kila mtu sawa. Ukishakuwa na hiyo, ngazi ya nchi na madaraja inafanya kazi gani tena?

Nimetaja Ostend makusudi. Divock Origi alizaliwa pale, mtoto wa Mike Okoth aliyechezea Harambee Stars. Liverpool walipomsajili 2014 hakuna aliyemuuliza Kenya ni namba ngapi. Alikuwa Mbelgiji, na wakati huo mlango wa Ulaya ulikuwa wazi. Damu ni ya familia ile ile iliyompa Gor Mahia nahodha wa 1987, Austin Oduor. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, Origi anafunga bao la pili la Liverpool dhidi ya Tottenham, klabu ya Wanyama. Kenya nzima tukashangilia mtoto wetu, na tulikuwa na haki. Lakini usiniambie baada ya hapo kwamba tofauti kati ya Origi na kijana wa Camp Toyoyo ni kipaji peke yake.

Mwaka 2023 FA walilegeza kidogo. Klabu za Ligi Kuu na Championship sasa zinaweza kupata hadi nafasi nne za wachezaji wasiofikisha pointi, kutegemea dakika wanazowapa Waingereza. Ni ufa mlangoni, sikatai. Lakini fikiria kama mkurugenzi wa klabu. Una nafasi nne. Utaitumia moja kwa kijana wa ligi ambayo skauti wako hajawahi kukanyaga, au kwa tineja wa Ecuador au Argentina ambaye video zake unazo tangu ana miaka 15? Huyo Mkenya huwezi hata kumchukua mapema ukamlea, maana tangu Brexit klabu za England haziruhusiwi kusajili mgeni aliye chini ya miaka 18.

Sasa tugeuke tujitazame, maana nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu.

Novemba 2021 serikali yetu iliivunja kamati ya FKF. Februari 2022 FIFA ikatufungia. Tulifunguliwa Novemba, tukiwa tumeshaondolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON 2023. Sitetei wale waliokuwa ofisini, maswali kuhusu pesa yalikuwa halali. Lakini kwa mchezaji wa Harambee Stars, ni miezi tisa bila mechi moja ya ushindani, katika dunia inayomhesabu kwa mechi za taifa na namba ya taifa. Wazee waligombania kiti, yeye akalipa kwa umri wake. Michael Olunga alikuwa na miaka 27 tulipofungiwa. Huyu ni mtu aliyefunga mabao nane katika mechi moja Japani, akafunga 28 msimu wa 2020 na kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Akaenda Qatar. Labda angeenda Qatar hata England ingekuwa wazi, pesa ni pesa. Lakini ningependa achague akiwa na milango miwili mbele yake.

Na dawa yetu ni ipi? Ile ile ya 2010: piga simu. Jua mtu. Tunaendesha mpira kama tunavyotafuta kitambulisho, mkubwa akitia neno inatoka. Simu ya mkubwa haipandishi ligi daraja. Ligi inapanda kwa ratiba inayoheshimiwa, viwanja vinavyofunguliwa, mishahara inayofika tarehe moja, mechi zinazorekodiwa ili skauti aliye Copenhagen azione. Agosti 2025 tuliandaa CHAN na Tanzania na Uganda, tukaipiga Morocco 1-0 Kasarani, na aliyefunga, Ryan Ogam, akaondoka Tusker kwenda Austria. Mwezi mmoja wa mechi zinazoonekana ulitosha kumfungulia mtu daraja.

Lakini jambo linalonichoma zaidi ni pesa. Mwaka 2017 SportPesa, kampuni iliyokuzwa na shilingi zetu za jackpot, iliandika jina lake kwenye kifua cha Everton. Kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35, Januari 2018 kampuni hiyo ikakata udhamini wa ligi yetu, wa Gor, wa Leopards na wa FKF. Jezi za Everton zikaendelea hadi 2020. Sisemi walivunja sheria. Nasema hakuna ofisa wa Uingereza aliyeiuliza ile shilingi kwamba inatoka nchi ya ngapi FIFA, au imecheza asilimia ngapi. Ilipita. Shilingi ya king’amuzi inapita kila mwezi, ya jezi ya Arsenal inapita, na ya kiingilio kwenye kibanda cha mpira pale mtaani nayo inapata njia.

Kwa hivyo wakati mwingine FKF ikikutana na FA, badala ya picha na skafu, iweke mezani mambo mawili: asilimia ya mechi za taifa iwe moja kwa kila nchi, na jopo la FA linalosikiliza kesi za waliokosa pointi chache lipokee pia mchezaji wa daraja la sita akiwa na video na dakika zake, hata kama hajafikisha pointi 10 za kumfikisha mbele yao. Na wanaoketi pale kwa niaba yetu waende wakiwa na ratiba ya ligi iliyokamilika mkononi, maana hilo ndilo swali la kwanza watakaloulizwa.